Maji ya Wamaza

Yaya Mapendo, mukubwa wangu,

Nakusalimia toka Wamaza, na mavumbi ya njia ya Kasongo ingali mu masikio. Nilikuja kuangalia mashine tuliyoifanyia utafiti miaka sita kule labo, maabara yetu. Unakumbuka: muchana inatumia jua kutoa gesi ya hidrojeni ndani ya maji, usiku inageuza gesi ile kuwa umeme wa frigo ya kubaridisha chanjo. Siku ya kuionyesha ulitupigia makofi.

Nimeikuta imekufa. Mama Zawadi, muuguzi wa hapa, alinifungulia frigo. Anawekamo daftari zake, panya wasizile.

"Tulitia maji ya kisima," akasema. "Hapa kuna maji ingine?"

Kule labo tulitumia maji iliyosafishwa mpaka haina chumvi hata kidogo. Ya kisima iliua mashine ndani ya mwezi. Hakuna mutu kati yetu aliyeuliza Wamaza iko na maji gani.

"Niliwaandikia kama imekufa," akaendelea Mama Zawadi. " Mulinijibu kwa Kifaransa kizuri sana."

Jibu lile niliandika mimi, Yaya.

Tukiwa pale, mama mumoja akaingia na mutoto mugongoni, akauliza kama sindano ya surua imefika. Alitembea tangu alfajiri. Mama Zawadi akanigeukia: "Mujibu wewe."

Nikamwambia mama yule hapana, haijafika. Akanishukuru, akarudi na njia.

Wamenipikia sombe, majani ya muhogo, na samaki. Baba akiuliza, usimwambie mashine inafanya kazi. Nawapenda wote. Muombee mutoto yule. Hata jina lake sikuuliza.

Ndugu yako,
Amisi