Salamu Kurasa Mbili, Daraja Nusu Ukurasa

Jumanne, jioni. Rasharasha haijakoma tangu saa nane, na baridi ya leo hapa Kianjokoma ni ile ya kuvaa sweta mbili na bado ukatafute jiko. Nimekaa karibu na moto, naandika kwa simu.

Leo nimejiaibisha mbele ya wadi nzima, na bado nina furaha. Acha nieleze.

Kaunti ilileta kikao cha maoni ya wananchi kwenye ukumbi wa kanisa letu. Vikao hivi mnavijua. Unatia sahihi mlangoni, unapewa soda na mkate, halafu unaulizwa ungependa wadi yako ifanyiwe nini. Safari hii tulionywa mapema kwamba mradi mpya ni mmoja tu. Watu wa sokoni wanataka mulika mwizi, ile taa ndefu ya kumulika soko lote. Sisi wa ng'ambo ya mto tunataka daraja la miguu.

Mto wenyewe si mkubwa. Kiangazi mbuzi anauvuka bila kulowesha magoti. Lakini mvua ikinyesha huko juu msituni, yale magogo mawili tunayoyaita daraja hubebwa na maji, na shule iko upande wa pili.

Binti yangu Wawira yuko gredi ya pili. Kwetu binti wa kwanza huitwa jina la mama yake baba, na linalopewa si jina peke yake. Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Cucu, yaani nyanya, humwita mtoto wangu "mimi". Mtoto akipata homa, Cucu huja mlangoni na kuuliza, "Mimi nimeshapewa dawa?" Ilinichukua miaka kuzoea.

Msimu uliopita Wawira alikosa shule karibu wiki tatu. Siku nyingine nilimvusha mgongoni, maji yakinifika mapajani, yeye akiniimbia nyimbo za darasani ili nisiogope. Siku moja niliteleza, tukazama sote wawili. Tulitoka. Viatu vyake havikutoka. Mengine ya siku hiyo siwezi kuyaandika hata leo.

Kwa hiyo mnaelewa nilivyokuwa nalitaka daraja hili.

Kina mama wa ng'ambo walinichagua niwasemee, kwa sababu mimi ni katibu wa kikundi chetu cha kanisa na ninajua kupanga salamu. Hilo kwetu si jambo dogo. Husimami mbele za watu ukamwaga shida zako kana kwamba umekuta miti. Unamtambua kila mtu kwa cheo chake, na ole wako umruke mmoja. Kuna mzee alisahau kumtaja mwenzake kwenye harambee, na mpaka leo wakipishana barabarani kila mmoja hutazama majani chai ya shambani.

Aliyenifunza ni huyo huyo Cucu. Hawezi kukuomba chumvi kabla hajauliza habari ya kila mtu wa nyumba yako, na ng'ombe pia. Wiki ya kwanza ya ndoa yangu niliingia jikoni kwake nikauliza jembe liko wapi. Alininyooshea kidole mlangoni, nikatoka, nikabisha, nikaanza upya.

Basi niliandika hotuba yangu kwenye daftari la Wawira. Ninalo hapa mapajani. Salamu kurasa mbili, daraja nusu ukurasa.

Afisa wa kaunti, dada mpole mwenye buti za mvua, alitangaza kwamba kila msemaji ana dakika mbili na simu yake ndiyo itakayotuhukumu. Watu wa soko walimtoa muuza mitumba mmoja. Akasema hamjambo wote, wezi wanatumaliza kwa sababu ya giza, tunaomba taa. Akaketi. Nilimhurumia kwa kukosa adabu. Kweli kabisa, nilimhurumia!

Nikasimama. Nikamtambua Mungu, mchungaji, mwakilishi wa wadi, naibu wa chifu, wazee wa kijiji mmoja mmoja kwa majina, walimu, vijana, wageni wetu kutoka kaunti na mama aliyetupikia chai. Nikashukuru kwa mvua. Nikafungua ukurasa wa tatu, na simu ya afisa ikawika kama jogoo.

Dakika zangu zilikuwa zimeisha.

Ukumbi ulicheka. "Asante sana mama, salamu tumepokea," afisa alisema, na akaandika kitu, sijui nini. Nilirudi kwenye benchi. Kina mama wa ng'ambo hawakunitazama. Nilimwaza Wawira akiniimbia majini, nikalia kidogo, nikijifanya nina mafua. Nilijiona mjinga, na niseme ukweli, nilikuwa mjinga.

Ndipo Cucu akainuka. Asubuhi alikuwa ameniambia anakuja kwa ajili ya soda tu. Kiswahili chake ni cha kununulia sukari, kwa hiyo mbele za watu huongea Kiembu, na leo afisa alikubali kumtafsiria. Alifika mbele. Sote tukatulia tungoje salamu, maana tunamjua. Hata mchungaji alijiweka sawa kwenye kiti ili atajwe vizuri.

"Mimi naitwa Wawira," Cucu akasema. "Huyo mtoto anayebebwa mgongoni huko mtoni ni mimi. Msimu uliopita nilianguka ndani ya maji na miaka yangu hii yote. Mnataka ninywe maji mara ngapi? Wekeni daraja."

Akarudi kuketi. Jogoo hakupata hata nafasi ya kuwika.

Hakuna aliyecheka. Afisa alitafsiri, akamalizia kwa sauti ndogo. Ulipofika wakati wa kuinua mikono, niliona mikono ya ng'ambo, kisha ya kina mama wa sokoni, na mwishowe ya yule muuza mitumba. "Taa itangoja," alimwambia jirani yake. Nilikuwa karibu, nilimsikia.

Daraja limeandikwa namba moja.

Sijapoteza akili. Najua kuandikwa si kujengwa, na mvua ya msimu huu haitamngoja mtu wa kuja kupima. Wanaume wamekubaliana Jumamosi watafunga magogo mapya kwa waya, nami nitaendelea kubeba mtoto. Lakini leo niliona watu wakiinua mikono kwa ajili ya mto ambao wao hawauvuki, na jambo hilo limenipa nguvu. Na nimeamua kwamba kikao kijacho nitaanza na nusu ukurasa, salamu zifuate kama dakika zitabaki.

Kurudi nyumbani kulichukua saa nzima. Cucu alizunguka ukumbini akimsalimu kila mtu ambaye hakumtaja alipokuwa mbele, kuanzia mchungaji hadi mama wa chai, akiuliza na ng'ombe zao. Mimi nilimngoja mlangoni, nimeshika mikate yetu miwili, nikinyeshewa.

Tulipofika alitangulia jikoni kwake kuwasha moto. Nilikuwa nimejaa furaha, sikuweza kungoja. Niliingia mbio nikamwambia asante, Cucu, asante sana, leo umetuokoa.

Alinitazama kutoka juu mpaka chini. Kisha akaninyooshea kidole mlangoni.

Nikatoka kwenye mvua, nikabisha, nikaanza upya.