Dokta Mbwilo kwenye matanga ya Baba

Zai uko wapi, pokea simu. Basi ngoja niandike, nisije nikamrukia mtu.

Dokta Mbwilo kaja huku kwetu Chumbi. Ndiyo, huyo huyo msimamizi wangu wa masta ya falsafa, kaja kunipa pole ya Baba. Na mimi mjinga nikafurahi.

Sasa Mzee Kondo, si unamjua, mtani wa Baba. Kavaa kofia ya marehemu, anachechemea barazani kama Baba vilevile. Akagonga dirisha la Mama: "Mama Amal, mmenizika na njaa, ubwabwa wangu uko wapi?" Watu hoi kwa kicheko.

Na Mama akacheka. Huko ndani alikokaa eda, akacheka, tumemsikia wote.

Dokta kasimama. Zai, KASIMAMA. "Mzee, heshimu msiba. Huu ni ushenzi."

Ushenzi. Barazani kwetu.

Kondo kavua kofia, kaiweka taratibu kwenye mkeka. "Samahani, mgeni wetu." Kaondoka.

Halafu huyu Dokta ananinong'oneza eti kaniokoa. Kaniokoa na nini? Si ndiye aliyenirudishia ile sura ya tasnifu yangu kuhusu utani msibani, eti hivyo ni vichekesho, falsafa iko wapi? Nikamwambia mbele ya watu: falsafa ndiyo hiyo umeifukuza, na wewe ifuate.

Kanitolea macho. "Unajua nani anasaini tasnifu yako?"

Asisaini.

Mama hajacheka tangu Baba aanguke shambani. Leo ndiyo alikuwa anaanza.