Maji ya Jumatatu, Maji ya Jumatano

Jumatatu, 2 Septemba 2024
Kijiji cha Tindiga. Kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba na futi kamba, kuuliza mafuriko ya Januari yalifika wapi, ili tuta la mto lijengwe kwa kipimo hicho. Rahisi! Kumbe uvumi umetangulia: eti tunaandikisha watu wa fidia. Basi kila nyumba maji yalifika darini. Bwana Bonifas kaonyesha juu ya dirisha. Nyumba yake imejengwa Juni mwaka huu, mafuriko yameshapita — kanitajia mwenyewe, bila haya!

Bi Siwema, ninayelala kwake, kaonyesha kifuani. Alisimama hapo hapo, anasema, mjukuu mabegani. Doa la tope bado liko ukutani. Nimelipima: mita moja na sentimita kumi na tano.

Jumatano, 4 Septemba
Tumerudi kuhakiki. Uvumi umegeuka: walioingiliwa na maji mengi watahamishwa. Loo! Mafuriko yamepungua kwa siku mbili, miezi minane baada ya kukauka. Vifundoni, vifundoni, vifundoni. Bonifas: hapa hata vumbi halikulowa. Bi Siwema: kifuani. Majirani wamemnunia, eti anawaharibia.

Alhamisi, 5 Septemba
Mhandisi Deogratias, bosi wangu, kafuta namba zote za Jumatatu. Zimetiwa chumvi, anasema. Kweli. Na za Jumatano je? Hizo zinaendana na bajeti! Tuta litakuwa na kimo cha sentimita hamsini. Nikamtajia doa la Bi Siwema. Nyumba moja si takwimu, Tumwagile, akanijibu. Nikaandika hamsini kwenye fomu. Najichukia.

Ijumaa, 6 Septemba
Bi Siwema alikuwa ameshafunga virago, yeye na mjukuu wahamie kwa dada yake huko Chanzuru kabla ya mvua. Leo kavifungua. Tuta linakuja, ya nini kuhangaika! Na anayeshukuriwa ni mimi. Aibu gani hii!

Kisha akauliza tuta litakuwa na kimo gani. Nionyeshe hapa ukutani, mwanangu. Nikainama, nikagusa usawa wa goti. Akacheka sana. Halafu akaona sicheki.

Sasa kakaa kitandani, virago vimetawanyika. Nje Mhandisi anapiga honi. Anataka fomu yenye saini yangu, mpimaji, kabla hajarudi Kilosa. Fomu hii hapa. Kalamu ninayo moja tu, hii ninayoandikia. Honi tena. Bi Siwema kainua macho, ananiuliza kama mimi ningelala humu masika —