Koti la Okoth na Filamu za Kuanza Upya

Doha

Mdogo wangu Ouma,

Habari za hapo nyumbani? Mimi mwili ni mzima, mengine utayasoma. Mama anaendeleaje na lile goti? Mwambie aache kuteremka ufukweni kununua samaki mwenyewe wakati wewe upo na miguu yako yote miwili. Na Achieng', mtoto wa Adhiambo na marehemu kaka yetu Okoth, bado anakataa kuvaa viatu? Nawawaza nyote, hata kuku. Wewe nakuwaza kwa hasira, na ndiyo sababu nimeshika kalamu. Kwa simu unanikatiza, unacheka, kisha unasema mtandao umepotea. Nakato, yule Mganda ninayeishi naye chumba kimoja, anarudi kwao likizo, naye ameahidi kuikabidhi barua hii kwa basi la Kisumu. Isome ukiwa umeketi.

Kazi yangu ni ile ile. Nafagia ukumbi wa sinema ndani ya duka kubwa ambalo ukiliona utadhani Kisumu yote imetiwa chini ya paa moja ikapulizwa baridi. Filamu ikikaribia kuisha tunasimama mlangoni na mifagio. Taa zikiwaka tunaingia kuokota bisi na vikombe kabla wengine hawajaingia. Kwa hiyo dada yako ameona miisho mingi ya filamu kuliko mtu yeyote wa Luanda Kotieno, na mianzo hajui hata mmoja. Miguu inavimba. Chakula ni wali, na sikukuu ni wali. Msimamizi anatuita kwa namba zilizo kwenye fulana, na pasipoti yangu iko kwa kampuni tangu nilipofika.

Okoth alipokufa niliomba ruhusa ya kuja kuzika. Wakaniambia kaka si mzazi. Nilitazama mazishi kwenye simu, nimekaa juu ya ndoo katika chumba cha kuwekea sabuni, na mtandao ukakwama jeneza likiwa bado juu, kwenye kamba. Mpaka leo kwangu mimi Okoth hajashuka. Watu walinitumia picha za kaburi lililofunikwa, lakini mimi picha niliyo nayo kichwani ni ile ya kamba. Najua unajua alivyokufa, lakini acha niseme, kwa maana hapa sina wa kumwambia. Aliitwa Ahero kupiga muziki matangani, maji yakaja, watu wote wakakimbilia barabarani, naye akarudi kuchukua spika zake. Walimkuta kwenye mashamba ya mpunga maji yalipopungua. Spika! Katika zile filamu alizokuwa akizitafsiri kibandani angepaa nazo, moja kila kwapa.

Sasa nije kwenye ujumbe wako wa sauti. Nimeusikiliza mpaka nimeukariri. Ulisema hivi: "Siste, kumbe ulikuwa unabisha bure! Kuanza upya ndio inafanya kazi. Watu walikuwa wamehepa, saa hii kibanda imejaa mpaka nje. Mimi navaa tu ile koti ya Okoth, naongea kama yeye, basi. Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi wazee wanakaa, koti inaenda kwa nyumba ya Adhiambo. Tunaendelea tu pale jamaa aliwachia." Halafu ukabandika kipande cha onyesho lako ili nisikie.

Nilikisikia. Nilikuwa chumba cha kubadilishia nguo, navua viatu. Sauti ikasema, "Yaye! Jakom ameruka, muone vile anaruka kama mbuta imekata wavu! Mama, shika mtoto, Jakom anakuja!" Ouma, nilijibu. Nilisema kwa sauti, "Okoth, umekula?" Nakato akageuka kunitazama. Ilinichukua muda kukumbuka ni wewe, na nilipokumbuka nililia nikiwa nimeshika kiatu kimoja, nikachelewa zamu.

Umemwiga vizuri mno. Hilo nakupa. Kwenye kibanda chetu cha video hakuna aliyejali shujaa ni nani au anazungumza Kiingereza gani. Walikuja kumsikia Okoth na maiki yake, akitafsiri kwa Kiswahili na Dholuo, akiwapa wale mashujaa majina ya watu wa ufukweni. Shujaa alikuwa Jakom siku zote, mwenyekiti, na adui alikuwa na jina la yeyote aliyemkasirisha wiki hiyo. Wavuvi walikuwa wanaacha kushona nyavu ili wamsikie. Sasa unawarudishia ile sauti, nao wamerudi. Sishangai.

Lakini tulikuwa na ubishi wetu, sisi watatu, na wewe umeuleta tena kwa kujidai umeshinda. Okoth alipenda filamu za kurudi nyuma, zile ambazo shujaa umeshamjua, kisha wanatengeneza nyingine ya kukuonyesha alikuwaje kabla hajawa mtu. Wewe ulipenda za kuanza upya. Wanachukua shujaa yule yule, wanampa mwigizaji mpya, wanaanza hadithi kana kwamba zile za kwanza hazikuwahi kuwepo. Ulikuwa unamwambia, "Yako ni matanga, omera. Mtu unajua atakufa, unamtazamia nini?" Naye anasema yako ni mitumba. Mimi mliniweka hakimu, nikawa naahirisha kesi kwa sababu nilitaka mnyamaze nilale. Leo naiamua.

Hapa kazini nazijua kwa ufagio. Ile ya kuanza upya inajaza ukumbi, na sakafu inabaki imejaa bisi, na watu wanatoka kabla taa hazijawaka, wanabishana kama huyu mpya ana kifua kumshinda wa zamani. Ile ya kurudi nyuma inaleta watu wachache. Wanaketi mpaka majina yote yapite ukutani, nasi tunasimama mlangoni tukiwangoja. Kwa mwenye sinema, wewe umeshinda. Nakubali bila kinyongo.

Ila nimegundua jambo moja, nalo silipendi. Kuna huyu shujaa mwenye mabawa ya shaba ambaye wamemwanza upya tena na tena. Ili awe shujaa ni lazima baba yake afe mgodini kwa moto. Ndiyo hadithi yenyewe, haiepukiki. Kwa hiyo kila wakimwanza upya, wanamuua yule mzee tena. Mwigizaji mpya, mgodi mpya, moto mzuri zaidi, na mzee yule yule anaungua. Mnasema mnaanza upya, lakini mnachoanza upya ni kifo. Nimekifikiria hicho nikifagia mpaka msimamizi akanipigia makofi niamke.

Na siku yangu ya mapumziko nilifanya kitu kigeni. Niliingia ukumbini kama mteja, wanaturuhusu mara moja moja viti vikibaki, nikatazama filamu toka mwanzo. Ilikuwa ya kurudi nyuma, ya yule yule mzee wa mgodini alipokuwa kijana. Hakuna cha ajabu anachofanya. Anakaanga mayai, anagombana na mkewe kuhusu mlango usiofungika, anamfundisha mtoto kupiga mbinja. Wote mle ndani tulijua ataungua, na hakuna awezaye kumwambia. Ouma, ulisema kweli, ni matanga. Sikuona raha hata kidogo. Lakini nilimwona mtu. Nilitoka nikamkumbuka Okoth akila samaki kichwa kwanza, na alivyokuwa akitema miiba kando ya sahani ya Mama makusudi, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilimkumbuka bila ile kamba. Basi hukumu yangu ndiyo hiyo. Ameshinda marehemu.

Ungedhani ningeishia hapo tucheke. Lakini Adhiambo alinipigia.

Hakulalamika, unamjua wifi yangu, huyo hata akiumwa na nyoka atakuuliza kwanza habari za kazi. Aliniambia alikuwa ameanika omena uani wakati ulipoiwasha spika kule chini kwa mara ya kwanza. Alisikia sauti ya mumewe ikipanda kutoka ziwani kama kila jioni. Akainuka, akaenda kupakua ugali. Alipakua sahani ya mume. Alipoiona ile sahani ndipo akakaa chini. Na Achieng' naye alikuwa ameshasikia, ameshateremka mbio peku hadi kibandani, akapenya katikati ya wavuvi akilia "Baba! Baba!" Akaliona koti. Halafu ukageuka, akakuona uso.

Wewe ulimwambia nini? Adhiambo anasema ulimnyanyua ukamwambia kwenye maiki, kwa ile ile sauti, "Mtoto wa Jakom huyu hapa," na watu wakapiga makofi. Najua ulikusudia wema. Tangu siku hiyo mtoto haulizi baba yake atarudi lini. Ukiwashwa muziki wa kibanda, anaingia chini ya kitanda.

Nilimuuliza Adhiambo kuhusu wazee na Jumamosi yao. Akasema, "Wifi, mimi sijakataa mila ya watu. Sijakataa hata Ouma, Ouma ni mtoto mzuri. Lakini huyu mtu mmoja nitamzika mara ngapi?" Kisha akasema maji yanachemka, akakata simu.

Sasa sikiliza. Mila ya kumtunza mjane, ndugu wa marehemu kumrithi, naijua, nimekulia humo. Najua pia kwamba sisi watu wa kanisa tumeilainisha: siku hizi shemeji analeta koti lake, linatundikwa nyumbani kwa mjane, wazee wanakunywa chai, na Mama analala bila kuogopa chira, ile laana ya kuvunja mila, kwa wajukuu wake. Simcheki Mama. Amezika mtoto, anaogopa kila upepo. Lakini koti linalotundikwa ni la yule anayekuja. Wewe huna koti, hujawahi kuwa nalo, hata harusi ya binamu uliazima. Kwa hiyo umevaa la Okoth, na unataka kulirudisha kwenye msumari ule ule alipolitoa yeye asubuhi ya kwenda Ahero. Hakuna mzee hata mmoja aliyekuambia hiyo si mila? Au wote wamenogewa na sauti?

Na wewe, mdogo wangu, utakuwa nani? Hilo ndilo linaloniamsha. Umri wako bado mdogo. Ukikubali Jumamosi hiyo, utaongea kwa koo la mtu mwingine mpaka uzeeke, utalala upande wake wa kitanda, utaitwa Jakom, na siku utakapochoka na kuongea kwa sauti yako, mkeo na mtoto watamlilia Okoth tena kana kwamba amekufa mbele yao. Utakuwa umemuua wewe. Nami nitakuwa nimepoteza kaka wawili kwa maji yale yale. Sitaki, Ouma. Nakuomba, na mimi si mtu wa kuomba.

Fanya hivi. Livue koti, ulioshe, umpe Mama alitunze. Washa maiki utafsiri kwa sauti yako, hata ikikwaruza. Watu watapungua, waache wapungue. Wazee waambie Anyango amekataza, mimi niko mbali, hasira zao hazinifikii. Mama akilia, mwambie chira hiyo nimeibeba mimi. Huku nilipo sijui itanipunguzia nini tena.

Nisalimie Mama, umshikie mkono wakati unamsomea sehemu zinazomhusu. Nisalimie mjomba Odhiambo na mashua yake inayovuja, na shangazi anayeuza chai kwenye feri ya Mbita, mwambie vikombe vyake navikumbuka. Achieng' usimwambie chochote kwanza. Keti naye tu chini, mkiwa kimya, mpaka azoee uso wako.

Kisha nenda kwa Adhiambo, mchana, bila koti na bila wazee, umuulize anataka nini. Hajaulizwa na mtu. Ukifika mlangoni usisukume. Okoth alikuwa anaingia tu, maana palikuwa kwake. Wewe simama nje upige hodi, kwa sauti yako, na kama hakuitikia, urudi nyumbani.

Ni mimi dada yako,
Anyango