Kobe Wako na Uzio wa Hjulsta

Kwa mjukuu wangu mpendwa Imani, uliyeko Kigali,

Kwa taadhima nakuarifu kwamba hapa Hjulsta, huku ughaibuni, tu wazima, na goti la bibi yako limemruhusu kurudi kwenye kwaya.

Umeuliza iwapo kobe uliyeniachia, ambaye kutwa husukuma uzio wa wavu niliomjengea bustanini, anataka kututoroka. Swali hilo lilinishughulisha hata ujanani mwangu Bujumbura, nilipomfuga kobe ndani ya uzio wa fito. Mama yangu alinicheka: "We mwana, nikikuwekea ugali nyuma ya fito, utatulia? Anaona mchicha wa jirani!" Akaegemeza mbao chini, kuuzunguka uzio wote. Kobe alipoacha kuona nje, aligeuka akala majani yetu, kana kwamba yameota asubuhi ile. Nikastaajabu: kumbe hakuwa akitukimbia.

Basi jana nami niliweka mbao. Kobe wako ametulia, anaota jua kando ya beseni lake la maji.

Ila mbao hizo zinanifika magotini tu. Mimi bado nakiona kituo cha treni, na kila anayetoka humo namtazama kwanza, nione kama ni wewe.

Wako kwa heshima na mapenzi, nikiwa nimesimama uani,
Babu Zakaria