Hatua Nilizopiga Nikiwa Nimekaa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijamponza rafiki yangu, na ukijikuta unacheka usijali, hata mimi nilianza kwa kucheka.

Mimi ni fundi cherehani, mtu mzima mwenye kitambi na wajukuu, na tangu niambiwe nina kisukari aina ya pili mke wangu hanipi raha, mpaka binti yetu akaniandikisha kwenye programu ya mtandaoni ya kutuhimiza wagonjwa tufanye mazoezi, ambapo simu inahesabu hatua zako, nesi anazisoma huko aliko, na kila Jumapili anatangaza kwenye kundi nani katembea zaidi, sasa mfuko wa suruali yangu umetoboka, na fundi hana muda wa kujishonea, basi siku moja nikaichomeka simu kwenye soksi, nikakanyaga pedali nikishona sare za shule mpaka jioni, na Jumapili nikatangazwa bingwa! Nilitaka kusema ukweli, lakini mke wangu alikuwa ameshawapigia dada zake wote, "Si huyu mliyekuwa mnamwita gunia?", nikanyamaza, na simu ikabaki kwenye soksi.

Kwenye kundi yumo jirani yangu, dereva mstaafu tunayemwita Breki kwa sababu hajawahi kugonga hata kuku, naye hapendi kushindwa. "Fundi, na kitambi hicho unanipitia wapi? Nitakukamata!" Nami kwa ujinga wangu namjibu, "Kaza mwendo, mzee, utaishia kuona mgongo wangu." Akawa anatembea asubuhi na jioni, na jana kaja dukani, kavuta pazia la pale wateja wanapojaribia nguo, kavua kiatu, na chini ya unyayo ana kidonda kinachotoa maji, kinanuka, lakini anasema hakimuumi hata kidogo. "Usimwambie nesi, wala shemeji yako, mke wangu," akaniomba. "Watanisimamisha kabla sijakufikia."

Nikisema yote, pamoja na ya soksi, nitaumbuka mbele ya kundi zima na mke wangu. Nikinyamaza, nauona ule unyayo kila nikikanyaga pedali. Nifanyeje?

Bingwa wa Soksi

*

Bingwa wa Soksi,

Nimepiga namba uliyoniachia, haikupokelewa. Natumaini simu haikuwa mguuni.

Nimecheka kama ulivyoniruhusu, na sina haki ya kukucheka sana, maana mimi hupanda lifti kwenda ghorofa ya kwanza. Lakini kicheko kilinikauka pale Breki aliposema hakimuumi. Ndugu yangu, hiyo ndiyo habari mbaya kuliko zote katika barua yako. Kisukari kinaweza kuua hisia za mguu, mtu akatembea juu ya jeraha kana kwamba yuko juu ya zulia. Kidonda cha namna hiyo, tena kinachonuka, ni cha hospitali leo. Kesho ni mbali. Watu wamekatwa miguu kwa kusubiri kesho.

Halafu wewe unaniuliza habari za kuumbuka! Utaumbuka, ndiyo. Shemeji zako watakuita gunia tena, na utaishi. Lakini mwenzako anamkimbiza mtu aliyekaa kwenye kiti. Atamkamata lini?

Na wewe mwenyewe je? Nesi anakupangia mazoezi kwa hatua ambazo hujawahi kupiga, na sukari yako haisikilizi matangazo ya Jumapili. Programu haikukutuma ushinde mtu. Ilikutuma uinuke.

Basi ukimaliza kusoma hapa, weka mkasi chini. Ita gari liende mlangoni kwa Breki, maana mguu ule haupaswi kutembea hata mpaka barabarani. Mpigie nesi, mweleze kidonda kwanza, soksi baadaye. Mkeo mwambie mwenyewe, kabla hajasikia kwa watu wa kundi.

Breki atabisha, atakwambia anakaribia kukufikia. Usimhubirie. Mwambie tu, "Ndugu yangu, nilikuwa nimekaa." Atakasirika, pengine atakutukana, nawe utanyamaza ukimsaidia kupanda gari.

Umesema ni jirani. Nenda kwake kwa miguu, sasa hivi, na simu iache juu ya cherehani.