Mkate wa Kibonge

Dada yangu mpendwa,

Hujambo? Goti lako linaendeleaje, na ngazi za kwako unazipandaje siku hizi? Shemeji naye hajambo? Sisi huku tunapumua. Baba Kibonge anakusalimia sana. Mimi ni mzima wa mwili ila moyo hautulii. Naandika mistari miwili, nainuka kumchungulia mtoto, narudi, nimeshasahau nilikuwa nasema nini. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka usinicheke. Simu nimekupigia hukupokea, na ningekuwa wewe hata mimi nisingepokea.

Kibonge tulimwita hivyo akiwa na mikono yenye mikunjo kama unga ulioumuka. Sasa ana miaka miwili na nusu na jina limekuwa kubwa kuliko mwenyewe. Unakumbuka ilivyoanza: kuharisha, tumbo limejaa kama ngoma huku miguu inakonda, kulialia kutwa.

Daktari wa watoto alituambia yako mambo mawili yanayofanana kama mapacha. La kwanza ni mwili kukataa protini ya maziwa ya ng'ombe. Hilo unalijua kwa kumwachisha mtoto maziwa wiki kadhaa, unaangalia, unamrudishia, unaangalia tena, na kwa wengi linaisha wakikua. La pili linaitwa seliaki. Hapo mtoto akila ngano mwili wake wenyewe unaushambulia utumbo, na hilo haliishi, mtu anaacha ngano maisha yake yote. Wanaanza kulitafuta kwenye damu. Lakini alinisisitizia, dada, tena mara mbili, kwamba damu inasema kweli kama mtoto bado anakula ngano. Ukimwachisha mapema, damu inaweza kunyamaza. Kwa hiyo nibadilishe kitu kimoja kimoja: maziwa niyaache, mkate niendelee kumpa mpaka siku ya kipimo.

Unanijua nilivyo na papara. Kule kazini kwangu kwenye kuoka mikate kuna mama wa zamu yetu tunayemwita Chachu, kwa sababu akiingia mahali lazima pafure. Aliniona nakung'uta unga mikononi akaniuliza kwa mzaha kama sijioni ninavyomkandia mwanangu maradhi. Alicheka, nami nikacheka. Nilipofika nyumbani nikamkuta Kibonge ameng'ang'ania kipande cha mkate nilioukanda mwenyewe, kicheko kikanikauka. Kuanzia siku hiyo nikafyeka vyote kwa mpigo, maziwa na ngano. Nikawa nampa wali, viazi na mayai. Baba yake sikumwambia. Mikate niliyorudi nayo aliimaliza yeye, akidhani mtoto ameshakula fungu lake, na katika nyumba nzima aliyenenepa akawa ni yeye.

Zamu yetu ya kipimo ilichukua karibu miezi mitatu kufika. Kibonge akawa mtoto mwingine, anakimbia, anatukana paka. Daktari alipouliza kama anakula mkate nikajibu kwamba kila siku, mtoto wa mwoka mikate ataukosaje. Akacheka. Niliogopa aibu, dada, niliogopa kuonekana mama asiyesikia anachoambiwa. Damu ikarudi safi. Daktari akasema basi tatizo litakuwa ni maziwa, ngano haina kosa. Nami nikaamini uongo wangu mwenyewe, kwa kuwa umepigwa muhuri.

Ndipo nikakuletea mtoto wiki ile ya zamu mbili, nikakuambia umpe chochote ila maziwa. Siku ya tano ukanipigia kuwa anaharisha, tumbo limerudi. Nilikuja mbio na nguo za kazini. Najua unayakumbuka yote lakini acha niyaandike, nisije nikajifanya nimesahau. Nilifungua kabati lako mbele ya majirani. Nilinusa vikombe vyako. Wewe hukugomba, ukawa unanipa kimoja kimoja, ukaniambia ninuse na hiki, na sufuria pia ninuse, na kama nataka nikunuse na wewe. Uliapa kwamba umempa mkate kwa chai ya rangi, basi. Nami nikakujibu kwamba asiyezaa hawezi kujua uchungu wa mtoto.

Shemeji alitoka nje. Ulichofanya wewe ni kumfunga Kibonge viatu.

Sasa nakuja kwenye lile lililonizuia kuandika mwezi mzima. Usidhani niligundua baadaye. Nilijua palepale, dada. Ulipotaja mkate nilielewa. Makombo yalikuwa bado kifuani kwa mtoto, nikayaona, nikajua hukumpa maziwa na kwamba aliyeharibu ni mimi. Ile ya kuzaa niliisema baada ya kujua, kwa sababu nilitaka unyamaze kabla hujaniuliza lolote.

Juzi nilirudi kwa daktari nikamweleza yote. Nilimwambia na baba Kibonge, naye akauliza ile mikate yote aliyokula ilikuwa ya nani. Daktari hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniliza. Alisema hata sasa hawezi kuapa kwamba ni ngano, maana utumbo ulioumizwa na ngano huweza kuyakataa na maziwa kwa muda, na vyote viwili niliviondoa pamoja. Ili tujue, Kibonge ale mkate kila siku kwa wiki sita au zaidi, bila maziwa, ndipo damu itolewe upya. Tukiona anazidiwa tumpeleke mara moja, tusisubiri. Leo ni siku ya tatu. Ninamkatia mkate kwa mkono huu, anaushangilia, kisha nakaa namwangalia tumbo. Chachu amenizoea nikitoroka kuja kumwona, siku hizi ananisukuma mwenyewe mlangoni. Lakini tutajua, dada. Ikiwa ni maziwa, litaisha akikua. Ikiwa ni ngano, nitajifunza kuoka upya. Vyovyote vile atanenepa.

Liko moja. Mchana nikiwa kazini anatakiwa mtu wa kukaa naye na kuandika kila anachokula na kila kinachotoka, bila kuongeza wala kupunguza. Daktari aliniuliza, akiniangalia usoni, kama kwetu yuko mtu ambaye akiandika jambo yeye ataliamini. Nikakutaja wewe. Jina lako ameliandika kwenye faili la mtoto kabla sijakuomba radhi. Nakuomba sasa, radhi na msaada huo, na ukikataa yote mawili una haki.

Nisalimie shemeji, mwambie na yeye ninamwangukia. Kibonge anamsalimia mama yake mkubwa, na mimi nakuombea goti lipone.

Mdogo wako,
Mama Kibonge